Leza Iliyo Ndani ya Kisanduku cha Faiba: Inavyotengenezwa, Kinachoidhoofisha na Namna ya Kuitunza

Anayefungiwa intaneti ya faiba nyumbani, dukani au ofisini huwa amewekewa na leza, ingawa mara nyingi haambiwi. Imo ndani ya kile kisanduku chenye taa za kijani, nyuma ya tundu unapochomekwa uzi wa kioo. Kila ujumbe unaotuma na kila simu ya video unayopiga hugeuzwa kuwa mwanga na kipande cha fuwele kinacholingana na punje ya chumvi. Mwanga huo ndio unaosafiri hadi kituo cha kampuni ya mtandao, na kutoka hapo safari huendelea hadi mikongo ya baharini inayotua Mombasa na Dar es Salaam.

Watu wengi hupewa kanuni za kutunza kifaa hiki bila sababu: usikiweke juani, usichomoe waya ovyo, usichungulie tundu. Kanuni isiyo na sababu husahaulika upesi. Makala haya yanaeleza jinsi leza hii inavyotengenezwa na jinsi inavyofanya kazi. Anayejua inavyozaliwa kiwandani ataelewa mwenyewe kwa nini inaharibika, na kwa nini matunzo yake ni hayo na si mengine.

Mwanga unatoka wapi

Leza ya aina hii hutengenezwa kwa semikondakta, yaani fuwele isiyopitisha umeme vizuri kama shaba wala kuuzuia kabisa kama plastiki. Upande mmoja wa fuwele huongezewa elektroni, upande wa pili huachwa na upungufu wa elektroni. Umeme ukipita, elektroni huvuka na kujaza nafasi zilizo wazi, na kila moja inayojaza nafasi inaweza kutoa chembe ya mwanga iitwayo fotoni.

Taa ndogo za LED huishia hapo. Leza huongeza vitu viwili. Cha kwanza ni vioo viwili vinavyotazamana, vinavyourudisha mwanga ndani ya fuwele tena na tena. Cha pili ni umeme wa kutosha kuzifanya elektroni zilizo tayari kutoa mwanga kuwa nyingi kuliko zisizo tayari. Hapo fotoni moja inapopita huichochea elektroni kutoa fotoni nyingine inayofanana nayo kwa rangi, mwelekeo na mpigo. Zinakuwa mbili, kisha nne, kisha mamilioni. Kiwango cha umeme ambacho mchakato huu huanzia huitwa kizingiti. Katika leza nyingi za mawasiliano, kizingiti ni takriban miliampea 10 katika joto la kawaida la chumba.

Rangi ya mwanga hutegemea fuwele iliyotumika. Fuwele za jamii ya galiamu naitraidi hutoa mwanga wa urujuani wa nanomita 405, unaosoma diski za Blu-ray. Galiamu iliyochanganywa na indiamu, alumini na fosforasi hutoa mwekundu wa nanomita 650, wa DVD na kalamu za leza. Kwa faiba hutumika mchanganyiko unaooteshwa juu ya indiamu fosfaidi, unaotoa mwanga wa kati ya nanomita 1300 na 1600. Jicho halioni mwanga huo. Umechaguliwa kwa sababu kioo cha faiba huupitisha kwa upotevu mdogo sana: kwenye nanomita 1550, mwanga husafiri karibu kilomita 15 kabla ya nusu yake kupotea.

Miaka minane ya kutafuta ubaridi

Leza ya kwanza ya semikondakta iliwaka mwaka 1962 katika maabara ya General Electric huko Schenectady, Marekani, chini ya Robert Hall. Ilitengenezwa kwa galiamu asenaidi, na ilibidi izamishwe katika naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Hata hapo iliwaka kwa mipigo mifupi tu. Ikipewa umeme mfululizo katika joto la chumba, iliungua.

Mwaka 1963 Herbert Kroemer, akiwa Marekani, na Zhores Alferov, akiwa Urusi ya Kisovieti, walipendekeza dawa ileile bila kutegemeana: tabaka jembamba linalotoa mwanga libanwe katikati ya tabaka mbili za fuwele ya aina nyingine, ili elektroni na mwanga vikae pamoja mahali padogo visitawanyike. Mwaka 1970 kundi la Alferov huko Leningrad, na wenzao Izuo Hayashi na Morton Panish wa Bell Labs, walipata leza zilizowaka mfululizo katika joto la chumba. Alferov na Kroemer walitunukiwa Nobeli ya Fizikia mwaka 2000.

Lakini leza hizo za mwanzo hazikudumu. Nyingine zilikufa baada ya dakika chache. Watafiti walipozichunguza kwa hadubini, waliona mistari ya giza ikitambaa ndani ya fuwele. Kasoro ndogo katika mpangilio wa atomu ilikuwa ikikua kila umeme ulipopita, na kugeuza nguvu iliyopaswa kuwa mwanga kuwa joto. Tangu hapo, kutengeneza leza kumekuwa kazi ya kuzuia kasoro na kuondoa joto. Hatua za kiwandani zinazofuata zinaonyesha hilo.

Hatua za kiwandani

*1. Kisahani cha fuwele.* Indiamu fosfaidi iliyoyeyushwa hupozwa polepole hadi iwe mche mmoja wa fuwele, kisha mche hukatwa visahani vyembamba na kusuguliwa hadi ving'ae. Atomu zote za kisahani zinapaswa kufuata mpangilio mmoja.

*2. Kuotesha tabaka.* Kisahani huwekwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 600 hivi au zaidi, na gesi zenye indiamu, galiamu, aseniki na fosforasi hupitishwa juu yake. Atomu hutua na kujipanga tabaka juu ya tabaka. Tabaka zinazotoa mwanga huwa na unene wa nanomita 5 hadi 10 tu, yaani makumi machache ya atomu. Baadhi ya gesi hizo ni sumu kali, ndiyo maana viwanda hivi hulindwa kwa vipima hewa saa zote. Nafasi ya atomu katika kila tabaka isipolingana vya kutosha na ya tabaka lililo chini yake, kasoro huzaliwa hapohapo.

*3. Kuchora mfereji.* Kwa kemikali inayoguswa na mwanga, huchorwa njia yenye upana wa mikromita 2 hivi, kisha pembeni huchimbwa kwa asidi au gesi. Umeme na mwanga hubanwa katika njia hiyo. Leza za masafa marefu huongezewa mistari midogo sana inayojirudia kila baada ya nanomita 240 hivi. Mistari hii hurudisha urefu mmoja tu wa wimbi, hivyo leza hutoa rangi moja safi.

*4. Kupaka metali na kupunguza unene.* Dhahabu na metali nyingine hupakwa juu na chini ili umeme uingie. Mgongo wa kisahani husagwa hadi unene wa takriban mikromita 100, ili joto lipate njia fupi ya kutokea.

*5. Kupasua.* Kisahani hukwaruzwa pembeni kwa ncha ya almasi na kukunjwa kidogo. Hupasuka chenyewe kwa kufuata mstari wa atomu, na uso unaobaki huwa laini kiasi cha kuwa kioo. Uso huo hurudisha karibu asilimia 30 ya mwanga bila kupakwa chochote, kisha hupakwa utando wa kuurekebisha na kuukinga na unyevu. Kisahani cha kipenyo cha milimita 50 kinaweza kutoa chipu zaidi ya 10,000.

*6. Kufunga.* Chipu hubandikwa kwa solda ya dhahabu na bati juu ya kitako kinachonyonya joto, na huunganishwa kwa nyaya nyembamba za dhahabu. Mbele yake huwekwa lenzi ya kuuelekeza mwanga kwenye kiini cha faiba, chenye upana wa mikromita 9 tu. Leza ikisogea kwa mikromita moja au mbili, sehemu kubwa ya mwanga hukosa njia.

*7. Kuchuja dhaifu.* Leza huwashwa kwa saa nyingi katika joto kali. Zile zenye kasoro iliyofichika hufa mapema humo kiwandani, na zinazobaki ndizo huuzwa.

Leza nzuri hupimwaje

Mhandisi akipewa leza huangalia mambo manne. La kwanza ni kizingiti: kikiwa kidogo, leza ni bora. La pili ni mwanga unaopatikana kwa kila miliampea inayozidi kizingiti. Leza ya mawasiliano hutoa takriban miliwati 0.2 hadi 0.4. La tatu ni uthabiti wa rangi. Hata leza yenye mistari ya kudhibiti rangi husogea karibu nanomita 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto. La nne ni umri. Leza ikizeeka huhitaji umeme mwingi zaidi kutoa mwanga uleule, na umeme huo wa ziada huleta joto linaloizeesha zaidi.

Fanya hesabu ndogo. Leza yenye kizingiti cha miliampea 10, inayopewa miliampea 40 kwa volti 1.3, hutumia miliwati 52. Ikitoa miliwati 0.3 kwa kila miliampea inayozidi kizingiti, mwanga wake ni miliwati 9. Miliwati 43 zilizobaki huwa joto, nalo huzaliwa ndani ya kipande kidogo kupita kiasi.

Mahali pazuri, leza hudumu. Vikuza mwanga vilivyo kwenye mikongo ya baharini, kama EASSy na SEACOM inayopita pwani yetu, huendeshwa na leza za semikondakta. Mikongo hiyo hubuniwa kufanya kazi miaka 25, kwa kuwa hakuna fundi awezaye kushuka kila mwaka kubadilisha kifaa kwenye kina cha bahari. Huko chini kuna baridi isiyobadilika, hakuna vumbi, na leza zenyewe huchaguliwa kwa ukali. Kisanduku cha sebuleni hakina hata kimoja cha vitu hivyo, ila wewe mwenyewe unaweza kukipatia nafuu.

Maadui wanne na kinga zake

*Joto.* Kizingiti cha leza za indiamu fosfaidi hupanda haraka joto linapoongezeka. Chipu ikitoka nyuzi 25 hadi 65, kizingiti huweza kukaribia maradufu. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wahandisi, kila ongezeko la nyuzi 10 hupunguza umri wa leza kwa karibu nusu. Basi usikiweke kisanduku juu ya king'amuzi au televisheni, usikifunike kwa kitambaa cha urembo, usikifungie kabatini na usikitundike mahali jua la mchana linapopiga. Kitundike ukutani, au kiache wazi mezani, matundu yake ya hewa yakiwa huru.

*Uchafu.* Kiini cha faiba kina mikromita 9. Chembe moja ya vumbi inaweza kukifunika. Usichomoe waya wa faiba bila sababu. Ukilazimika, funika ncha na tundu mara moja kwa vifuniko vyake. Usipulize kwa mdomo, maana mate huacha doa, wala usifute kwa shati. Fundi hutumia kalamu maalumu ya kusafishia, au kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti safi ya isopropili. Ncha ya kijani imesuguliwa kwa mshazari wa nyuzi 8 na ncha ya buluu haina mshazari huo. Ukizichomeka pamoja, mwanga mwingi hupotea na nyuso zake huweza kukwaruzana.

*Umeme wa ghafla.* Fuwele yenye tabaka za nanomita chache haivumilii msukumo wa umeme. Uzi wa kioo wenyewe haupitishi umeme, hivyo hatari kubwa huingia kupitia adapta. Tumia gadi nzuri ya umeme, na chomoa adapta radi inapopiga karibu. Ukitumia betri ya akiba umeme unapokatika, hakikisha volti zake ni zilezile zilizoandikwa kwenye adapta ya kisanduku.

*Kukunjwa.* Faiba ikikunjwa sana, mwanga huvuja pembeni. Kwa faiba ya kawaida usitengeneze duara lenye nusu kipenyo kinachopungua milimita 30. Usiupitishe waya chini ya mguu wa kochi wala kwenye bawaba ya mlango, na usiufunge fundo kupunguza urefu.

Mtandao ukikatika: soma taa, kisha omba namba

Katika vifaa vingi, taa ya LOS ikiwaka nyekundu maana yake ni kwamba kisanduku hakipokei mwanga kutoka kituoni. Leza ya nyumbani kwako huenda ni nzima kabisa. Angalia kwanza kama waya umechomoka, umekunjwa au umekatwa. Taa ya PON ikipepesa bila kutulia, mara nyingi kisanduku kinapokea mwanga lakini hakijakubaliwa na kituo. Sababu inaweza kuwa akaunti, mpangilio wa kifaa au mwanga wako kutofika kituoni, na hapo leza yako inastahili kupimwa.

Nguvu ya mwanga hupimwa kwa dBm, yaani desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati 1. Sifuri dBm ni miliwati 1. Hasi 10 ni sehemu ya kumi ya miliwati. Hasi 20 ni sehemu ya mia. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya mwanga. Katika mfumo wa GPON unaotumika sana majumbani, kituo hutuma mwanga wa nanomita 1490 na nyumba hujibu kwa nanomita 1310, zote kwenye uzi mmoja. Tuseme kituo kinatuma dBm 3. Kigawa mwanga cha nyumba 32, ambacho mafundi hukiita splita, huchukua desibeli 17 hivi. Kilomita 10 za faiba huchukua karibu 3. Viunganishi huchukua 2. Nyumbani itafika hasi 19. Kifaa cha daraja la nguvu liitwalo B+ hupokea kati ya hasi 8 na hasi 27, hivyo hasi 19 ni afya njema. Ukipimiwa hasi 26 mtandao unaweza kufanya kazi leo, ila doa dogo la vumbi litatosha kuukata kesho.

Wapo wanaojaribu kuona mwanga wa faiba kwa kamera ya simu. Usitegemee njia hiyo. Kamera ya simu hutumia silikoni, ambayo haioni mwanga unaozidi nanomita 1100 hivi. Skrini itabaki na giza hata leza ikiwa inawaka.

Usalama wa macho

Leza hupangwa katika madaraja kwa kanuni za kimataifa, na daraja huandikwa kwenye kibandiko. Daraja la 1 ni salama kwa matumizi ya kawaida. Vifaa vya faiba vya nyumbani mara nyingi vimo humo. Daraja la 2 ni mwanga unaoonekana usiozidi miliwati 1, na jicho hujilinda kwa kupepesa. Daraja la 3R hufika miliwati 5. Daraja la 3B, hadi miliwati 500, na la 4, zaidi ya hapo, huweza kuumiza jicho kabla hujapepesa.

Hata hivyo usichungulie tundu wala ncha ya faiba. Waya uliokatika barabarani haukuambii umetoka kwenye kifaa gani, na laini za masafa marefu zenye vikuza mwanga hubeba nguvu kubwa zaidi. Mwanga usioonekana haulifanyi jicho lipepese. Vipande vya kioo vya faiba iliyokatika navyo ni hatari: huingia kwenye ngozi na ni vigumu kuonekana. Viokote kwa utepe wenye gundi, kisha nawa mikono kabla ya kula au kugusa macho.

Kalamu za leza zinazouzwa kama vitu vya kuchezea zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Nyingi za kijani hutumia leza ya ndani isiyoonekana, na zile za bei rahisi zisizo na kichujio huvujisha mwanga huo pamoja na ule wa kijani. Usimpe mtoto kalamu ya leza, usimmulikie mtu usoni, na usiielekeze kwa dereva au ndege.

Kwa wanafunzi na mafundi

Unaposhika chipu ya leza, vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, maana umeme tuli wa mwili wako unaweza kuijeruhi bila dalili. Itaonekana kufanya kazi, kisha itakufa baada ya wiki kadhaa. Tumia chanzo kinachodhibiti kiasi cha mkondo, si volti peke yake. Anza sifuri na upande taratibu. Fahamu kwamba miliwati 5 zinazotoka kwenye uso wa mikromita 1 kwa 3 ni zaidi ya wati 100,000 kwa kila sentimita ya mraba, hivyo ongezeko dogo lisilotarajiwa laweza kuuchoma uso ule ulio kioo. Unaponunua moduli, yaani leza iliyofungwa pamoja na kipokezi, linganisha urefu wa wimbi, umbali na daraja la joto: la kawaida ni nyuzi 0 hadi 70, la viwandani ni hasi 40 hadi 85. Moduli ya kilomita 80 usiiunganishe kwa waya mfupi bila kipunguza mwanga. Inaweza kuharibu kipokezi cha upande wa pili.

Maswali ya kumwuliza fundi kabla hajaondoka

1. Mwanga unaofika hapa ni dBm ngapi? Andika namba na tarehe. Ikishuka kwa desibeli 3 au zaidi baadaye, kuna tatizo kwenye njia hata kama mtandao bado upo.

2. Umesafisha ncha zote mbili kabla ya kuunganisha? Fundi mwenye kalamu ya kusafishia atakuonyesha. Asiye nayo, mwombe kwa heshima arudi nayo.

3. Kisanduku kinatoa mwanga wa dBm ngapi, na kina joto la nyuzi ngapi? Vifaa vingi huonyesha namba hizi kwenye ukurasa wa mipangilio. Kwa daraja la B+, mwanga unaotoka unapaswa kuwa kati ya 0.5 na 5. Ukiona joto limepanda kuliko siku ya kufungwa, hamisha kisanduku mahali penye hewa siku hiyohiyo, kwa sababu kasoro ikishaota ndani ya fuwele hakuna fundi anayeweza kuiondoa.